Risasi Ndani ya Jabali la Singida

Okota kokoto moja pembeni mwa Ziwa Singidani, isage, uipime kwa mtambo wa kutosha. Ndani yake utakuta risasi. Nasema ile metali nzito ambayo zamani iliyeyushwa kwa ajili ya magobori, na ambayo katika lugha yetu imekiachia jina lake kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Ni kiasi kidogo mno, gramu kadhaa tu katika tani nzima ya mawe. Sehemu ya risasi hiyo ilikuwamo tangu jiwe lilipoganda. Sehemu nyingine haikuwamo. Ilikuwa urani, ikawa inageuka atomu moja baada ya nyingine, kimya kimya, mpaka ikawa risasi. Hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu, kwa sababu haikuletwa na maji wala upepo. Ililetwa na muda peke yake.

Wenyeji wa Singida hawahitaji kuelezwa habari za majabali. Mji wao umejengwa katikati yake. Mengine yamebebana kama mizigo iliyopangwa juu ya lori, mengine yametokeza nyuma ya nyumba, na wapo wanaoyapasua kokoto ili wapeleke watoto shule. Ni itale, mwamba mgumu uliotokana na magma iliyopoa taratibu chini ya ardhi, kisha ukafunuliwa mvua na upepo vilipoondoa kilichokuwa juu yake. Mtu yeyote anaweza kuona kwamba ni mawe ya kale. Swali gumu ni ukale wa kiasi gani, na gumu zaidi ni hili: yalitoka wapi? Majibu yote mawili yamo ndani ya isotopu.

Kila elementi hutambulika kwa idadi ya protoni katika kiini cha atomu yake, lakini idadi ya nyutroni inaweza kutofautiana. Atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa nyutroni ndizo huitwa isotopu. Nyingi zimetulia na zitabaki kama zilivyo. Chache hazijatulia: viini vyake hutoa mionzi na kugeuka kuwa elementi nyingine. Inayogeuka tuiite mzazi, na inayozaliwa tuiite mtoto. Hakuna anayeweza kutabiri atomu fulani itageuka lini. Lakini zikiwa mabilioni kwa mabilioni, kasi yake kwa jumla haiyumbi. Joto la volkano haliiharakishi na uzito wa mlima hauicheleweshi. Muda unaohitajika ili nusu ya wazazi waishe huitwa nusumaisha. Kwa urani 238, inayoishia kuwa risasi 206, nusumaisha ni miaka bilioni 4.47. Kwa urani 235, inayoishia kuwa risasi 207, ni miaka milioni 704 tu.

Hesabu ya jiwe la miaka bilioni 2.7, umri ambao miamba mingi ya sehemu hizi inaukaribia, ni hii. Kati ya kila atomu 100 za urani 238 zilizokuwamo mwanzo, leo zimebaki kama 66. Kati ya 100 za urani 235, zimebaki 7. Ni saa mbili ndani ya jiwe moja, zilizoanza kuhesabu siku moja, moja ikienda pole na nyingine mbio. Zikisoma umri uleule, mpimaji anaweza kuamini. Zikipishana, anajua kwamba kuna jambo limetokea njiani.

Mara nyingi jambo hutokea kweli, na mfano mzuri uko Manyoni. Katika mbuga za chumvi na udongo za Bahi na Manyoni kuna urani iliyojikusanya karibu kabisa na uso wa ardhi, na kampuni za utafiti zimekuwa zikiifuatilia kwa miaka mingi. Urani hiyo haikuzaliwa mbugani. Ilikuwa ndani ya itale za nyanda za juu. Maji ya mvua yenye hewa ndani yake yakaiyeyusha, yakaibeba, na jua lilipoyakausha maji yale bondeni urani ikabaki pamoja na chokaa. Kwa anayetafuta madini hiyo ni habari njema. Kwa anayetafuta umri ni onyo: jabali lililoonekana kufungwa kama sanduku lilikuwa linavuja. Ukipima urani na risasi katika jiwe zima, unaweza kupata umri ambao jiwe halijawahi kuwa nao.

Dawa yake ni punje ndogo ziitwazo zikoni, ndogo kuliko punje ya ulezi, zinazopatikana ndani ya itale nyingi. Zikoni inapojijenga ndani ya magma huipokea urani katika fuwele yake na kuikataa risasi. Kwa hiyo karibu risasi yote utakayoikuta humo baadaye ni mtoto aliyezaliwa ndani. Ni ngumu pia. Jiwe linaweza kuoza na kuwa mchanga, mchanga ukawa jiwe tena, na zikoni ikapita salama huku saa yake ikiendelea kuhesabu.

Watanzania wengi wamekutana na elimu hii bila kuambiwa jina lake. Mary Leakey alipogundua fuvu la Zinjanthropus pale Oldupai mwaka 1959, wataalamu walikisia tu umri wake. Mwaka 1961 Louis Leakey, pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, walitangaza kwamba majivu ya volkano ya tabaka lile yana miaka kama milioni 1.75. Walitumia potasiamu 40, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni. Lava ikiwa bado moto agoni yote hutoroka, ikiganda gesi inaanza kunaswa, na saa inaanza sifuri. Dunia ilibadili mawazo yake juu ya mwanzo wa binadamu kwa sababu ya kipimo hicho. Na bado, ukiuweka umri huo kando ya itale za Singida, majabali yana umri wa kama mara 1,500 ya ule.

Umri peke yake, hata hivyo, ni nusu ya hadithi, na kwa maoni yangu ndiyo nusu nyepesi. Nusu ya pili inahitaji elementi zenye majina yasiyozoeleka: rubidiamu inayozaa strontiamu, samariamu inayozaa neodimiamu, reniamu inayozaa osmiamu. Nusumaisha zake ni ndefu kupita umri wa Dunia yenyewe. Ya samariamu 147 ni miaka bilioni 106. Mtu atauliza: saa inayokwenda taratibu hivyo ina faida gani? Faida yake ni kwamba wazazi na watoto hao hawapendi kukaa mahali pamoja.

Chini ya ganda tunalokanyaga kuna mantili, mwamba mzito na wa moto unaoshuka mpaka kina cha kilomita 2,900. Mantili inapoyeyuka kidogo, umajimaji wake hupanda na kuwa ganda la nchi. Rubidiamu hupenda kupanda na umajimaji huo kuliko strontiamu. Kwa hiyo ganda la nchi, ambalo lina rubidiamu nyingi, huzidi kujaza strontiamu 87 kadiri linavyozeeka, wakati mantili huongezeka kidogo tu. Uwiano wa strontiamu 87 kwa strontiamu 86 katika lava inayotoka moja kwa moja kwenye mantili huwa kama 0.703. Itale ya kale hupita 0.72 kwa urahisi. Tofauti ya namba hizo ni ndogo, lakini mtambo wa kupimia uzito wa atomu huziona kama sisi tunavyoona tofauti ya maziwa na maji. Lava ikipanda na kula ganda la kale njiani, uwiano wake hufichua ilichokula.

Kuna tatizo ambalo msomaji makini atakuwa ameshaliona. Ukikuta dumu la maji chini ya bomba linalodondoka, huwezi kujua limekaa hapo muda gani kama hujui lilikuwa na maji kiasi gani lilipowekwa. Wanajiolojia walilitatua kwa kutazama madumu mengi badala ya moja. Chukua madumu sita yaliyowekwa saa moja, yote yakiwa na maji sawa mwanzoni, lakini kila moja chini ya bomba lenye kasi yake. Baada ya muda, la bomba la kasi limejaa zaidi. Chora mchoro wa kasi ya bomba dhidi ya kina cha maji na utapata mstari ulionyooka. Mwinamo wake unakupa muda, na mahali mstari unapoanzia pasipo mdondoko wowote panakupa kiasi cha maji ya mwanzo. Madini au miamba iliyotoka katika magma moja ndiyo madumu hayo. Kiasi cha mwanzo, ambacho kilionekana kuwa kikwazo, ndicho kinachosema magma ilitoka wapi.

Njia hiyo ilitumika wilayani Iramba. Wengi wanaijua Sekenke kwa ule mteremko ambao madereva wa malori hawakuuzoea hata baada ya kuupita mara mia. Sekenke pia ni mahali pa dhahabu tangu enzi ya Wajerumani. Dhahabu ya huko ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zile zenye picha ya tembo, vita vilipokuwa vimekata njia za kwenda Ulaya. Dhahabu hiyo imo katika ukanda wa lava za kale unaoitwa Iramba-Sekenke. Mwaka 2008 Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wa lava hizo, na saa ya samariamu na neodimiamu ikasoma miaka inayozidi kidogo bilioni 2.7. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, mwaka 1996, Maboko na Mjapani Eizo Nakamura walikuwa wametumia neodimiamu ya itale kutafuta mahali ambapo nchi hii ya kale inaishia upande wa kusini mashariki. Mpaka huo hauna kigingi wala mto; umezikwa na mageuzi ya mamilioni ya miaka. Lakini itale iliyochemka kutoka ardhi ya miaka bilioni 2.7 hubeba neodimiamu tofauti na iliyochemka kutoka ardhi changa, hata kama kwa macho zinafanana kama pacha.

Nchi hiyo ya kale huitwa kratoni. Kratoni ya Tanzania inaanzia katikati ya nchi, inapanda mpaka Ziwa Viktoria, na Singida imekaa juu yake. Tazama ramani ya Bonde la Ufa. Likitoka kaskazini linagawanyika mikono miwili: mmoja unazunguka magharibi kupitia Ziwa Tanganyika, mwingine unashuka mashariki kupitia Natron na Manyara. Katikati yake imebaki nchi isiyopasuka. Mkono wa mashariki unapoikaribia kratoni unachanika vipande vipande, kama kitambaa kilichokutana na upindo mgumu. Msafiri anayetoka Dodoma kwenda Manyoni, akivuka mbuga ya Bahi na kuupanda ukingo wa Kilimatinde, anapanda moja ya nyufa hizo.

Kwa nini kratoni haipasuki? Jibu lililotolewa muda mrefu lilikuwa kwamba ina mzizi mnene wa mantili baridi. Lilikuwa jibu zuri ila lilihitaji ushahidi, na ushahidi ulipatikana jirani. Kusini mwa mlima Hanang kuna volkano ndogo iitwayo Labait. Kiutawala iko Manyara, lakini ipo mlangoni mwa Singida, na ardhi yake ni ukingo wa kratoni ileile. Lava yake ilipanda kwa kasi hata ikabeba vipande vya mantili bila kuviyeyusha: mawe ya kijani yaliyonaswa ndani ya lava nyeusi kama zabibu ndani ya keki. Mwaka 1999 John Chesley, Roberta Rudnick na Cin-Ty Lee walichapisha vipimo vya osmiamu ya mawe hayo.

Walichagua osmiamu kwa sababu. Mantili ikiyeyuka, reniamu hutoroka na umajimaji, osmiamu hubaki. Mabaki hayo yasiyo na reniamu hayazai tena osmiamu 187. Uwiano wake unasimama, kama saa ya ukutani iliyotolewa betri, ukionyesha siku ya tukio. Na kwa kuwa mantili imejaa osmiamu kuliko umajimaji wowote unaopita humo baadaye, kumbukumbu hiyo haifutiki kirahisi kama ya strontiamu. Mawe ya Labait yaliyotoka kina kisichofika kilomita 140 yalisoma umri wa hadi miaka bilioni 2.8 hivi. Mzizi ule, kwa maneno mengine, ni rika moja na majabali ya juu. Ganda na mantili chini yake vilitengenezwa pamoja na havijaachana tangu wakati huo, hata kama bara lenyewe limesafiri na kugongana na mabara mengine. Chini ya kilomita 140 habari inabadilika. Mawe ya huko yana joto zaidi, na yana alama za umajimaji mpya uliopenya siku za karibuni, kwa kipimo cha kijiolojia. Mzizi unapikwa kutoka chini.

Huo kwangu ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote katika habari hii. Bara linaweza kushambuliwa na joto mahali ambapo hakuna mtu atakayefika, na habari zikatufikia kwa jiwe la ukubwa wa ngumi. Heliamu nayo inasema jambo hilohilo kwa njia yake. Kila atomu ya urani 238 inayofika mwisho wa safari yake na kuwa risasi huacha nyuma atomu nane za heliamu 4. Heliamu 3 kwa sehemu kubwa ni ya kale, iliyofungiwa Dunia ilipoumbwa. Lava na majivu ya volkano za Rungwe, kusini, vilipimwa na David Hilton na wenzake, na mwaka 2011 wakatangaza uwiano wa heliamu 3 kwa heliamu 4 unaofika mara 15 ya ule wa hewa tunayovuta: dalili ya joto linalotoka chini sana ya mantili. Kwa upande wa pili, heliamu 4 iliyozaliwa ndani ya itale za kratoni kwa mabilioni ya miaka, kisha ikafukuzwa na joto la Bonde la Ufa, ndiyo iliyowafanya watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One kutangaza mwaka 2016 hazina ya gesi hiyo Rukwa. Kampuni hiyo ilichukua pia maeneo ya Eyasi na Balangida, kaskazini mwa Singida. Heliamu hupoza mashine za hospitali za kupiga picha za mwili. Ni mtoto wa urani, kama ilivyo risasi ya kokoto tuliyoanza nayo.

Strontiamu ina kazi nyingine inayomgusa binadamu moja kwa moja. Mmea huifyonza kutoka udongoni pamoja na kalisi, mnyama hula mmea, na meno na mifupa huihifadhi bila kubadili uwiano wake. Ashley Coutu na wenzake walitumia strontiamu pamoja na isotopu nyingine kuonyesha maeneo walikotoka tembo ambao pembe zao zilisafirishwa katika karne ya 19 kupitia pwani yetu. Misafara ile ilipita Ugogo na Unyamwezi, juu ya kratoni hii. Na mwaka 2024 ilichapishwa ramani ya strontiamu ya Afrika kusini mwa Sahara, inayosaidia kutambua nyumbani kwa watu waliouzwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki kwa kutazama meno yao. Ningependa sana kuona kazi ya namna hiyo ikifanywa kwa makaburi ya pwani ya Afrika Mashariki na ya Ghuba.

Tunapokwenda nje ya Dunia, kanuni ni zilezile. Clair Patterson aliipa Dunia umri wake, miaka bilioni 4.55, mwaka 1956 kwa kupima risasi ya vimondo. Tanzania ina kimondo maarufu cha Mbozi, lakini kwa wanasayansi wa sayari jina la Tanzania linalotajwa kila siku ni Ivuna. Ni kimondo kilichoanguka kusini magharibi mwa nchi tarehe 16 Desemba 1938, gramu 705 tu, na kundi zima la vimondo ambavyo kemia yake inafanana zaidi na ya Jua limepewa jina lake. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilipoleta mchanga wa kiasteroidi cha Ryugu mwaka 2020, ulionekana kuwa wa jamii ya Ivuna. Kipimo cha manganisi na kromiamu kilionyesha kwamba maji yalikuwa yakitiririka ndani ya mwamba ule miaka kama milioni tano tu baada ya mfumo wa Jua kuanza.

Osmiamu ya Labait ilipimwa Marekani. Chembe za Ryugu na za Ivuna hupimwa Japani na Ulaya. Maboko alishirikiana na maabara ya Nakamura huko Misasa, Japani. Silalamikii ushirikiano huo. Bila huo tusingejua tunachokijua. Lakini nchi yenye dhahabu, almasi ya Mwadui, urani ya Manyoni na heliamu ya Rukwa inastahili maabara yake kamili ya isotopu, yenye wataalamu wanaolipwa kukaa nayo, Dodoma kwenye Taasisi ya Jiolojia au Dar es Salaam chuoni. Gharama yake ni kubwa. Kutojua kilichoko chini ya miguu yetu mpaka wengine watuambie ni gharama pia, na tumeilipa muda mrefu.

Wakati tunaingoja, walimu wa jiografia wa Singida wasingoje. Mnafundisha miamba ya moto kwa michoro ya ubaoni, na nje ya dirisha kuna itale ya miaka bilioni 2 na nusu na zaidi. Watoeni wanafunzi darasani, wapeni nyundo na kioo cha kukuzia, wawaonyeshe wenyewe ni ipi kwatzi na ni ipi feldspa. Na kila kipande watakachorudi nacho, waandike juu yake kijiji na tarehe.